Bariki Alipokatiza Uwanja wa Dagaa

Kibirizi, ufukoni Kigoma, haijui asubuhi ya kimya. Mitumbwi ikishafika na dagaa, kila mtu ana kazi na kila mtu ana la kusema. Wachukuzi wanapiga kelele wapishwe. Wanunuzi wanavuta bei chini, wenye mali wanavuta juu. Juu kidogo ya ufuko, ndani ya uzio wa miti, wanawake wanaanika.

Christina alikuwa mmoja wa wanawake hao kwa miaka mingi. Sasa yeye na mumewe Polycarp wana kampuni yao ndogo, inaitwa Mwambao. Wananunua dagaa waliokauka vizuri, wanawachambua, wanawafunga kwenye pakiti na kuwauza hadi mikoa ya mbali. Usidhani ni kampuni ya maghorofa. Ni chumba kimoja chenye mizani na mashine ya kufungia pakiti. Humo ndani Polycarp huvaa kofia ya kufunika nywele, na watu humcheka kila siku, maana nywele zenyewe hana.

Kwenye kila pakiti palikuwa na picha ya kijana anayekimbia. Huyo ni Bariki wa Simbo, mtoto wa Agnesi, mdogo wake Christina. Mwambao ndio waliokuwa wadhamini wake. Walimpa viatu, chakula cha mazoezi na nauli ya mashindano. Yeye alivaa fulana yenye jina lao na kuwatangazia dagaa.

Mkataba? Haukuwepo.

"Huyu ni mwanangu," Christina alisema. "Mtu anaandikiana mkataba na mwanawe?"

Jumamosi moja kulikuwa na mbio za barabarani kutoka Ujiji hadi Kibirizi. Kijana mmoja wa Ilagala, Thobias, aliongoza karibu njia nzima. Lakini aliyetokea wa kwanza pale mwisho ni Bariki. Christina alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Thobias alifika wa pili, akabaki anashangaa.

Jioni ile simu ya Polycarp ikaanza kulia. Mtu alikuwa ametuma video. Karibu na Kibirizi barabara inazunguka mbali kidogo kuupita uwanja wa kuanikia. Mkimbiaji mwenye fulana ya Mwambao hakuzunguka. Alipenya kwenye uzio, akakatiza katikati ya uwanja, akatokea ng'ambo. Video ilipigwa kwa mbali. Miguu yake haikuonekana vizuri ilikokanyaga.

Christina akampigia Bariki palepale.

"Mama mkubwa, nilipita pembeni tu," Bariki akasema. "Barabarani pikipiki zilijaa. Sikukanyaga dagaa wa mtu."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Christina akashusha pumzi. Mwanawe amesema, basi yamekwisha. Akamgeukia mumewe. "Andika kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. Sema ni uzushi."

Polycarp akasita. "Tusiwaulize kwanza wanaoanika pale?"

"Baba Edson, wewe Bariki unamjua au humjui?"

Polycarp akaandika: Habari hizo ni uzushi wa watu wasiopenda maendeleo yetu. Lahaula! Maneno yale yalisambaa kuliko hata video yenyewe.

Jumatatu akaja Léoncie. Huyu mama asili yake ni Burundi, lakini ameishi Kigoma siku nyingi. Dagaa wake hawana mchanga wala harufu, na Christina alikuwa akinunua kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Siku hiyo alikuja na beseni.

"Amahoro, Mama Edson," akasalimu. Kisha akalimimina beseni lile mezani. Dagaa walikuwa vipande vipande, wamechanganyika na mchanga.

"Hawa ni wangu. Siku ya mbio nilikuwa palepale. Nilipiga kelele, mtoto wako akanitazama, akapita juu yao. Mimi nilinyamaza, kwa sababu wewe ni mteja wangu. Lakini tangu mlipoandika, watu wanadhani habari zilitoka kwangu, wananiita mzushi. Mimi, mama? Mzushi?"

Christina alitamani ardhi immeze. Akaingia chumbani, akatoka na kitenge kipya. Ndivyo watu wengi wanavyomaliza mambo bila makelele.

"Pokea, mama yangu. Tuyamalize wenyewe kwa wenyewe."

Léoncie akakisukuma taratibu. "Oya. Sikitaki. Kitenge ni kizuri, lakini hata nikikivaa, bado nitaitwa mzushi."

Akabeba beseni lake tupu, akaenda zake.

Wiki ile wanawake wote wa uwanjani wakaacha kuwauzia Mwambao. Na huko mjini, madukani, mteja alichukua pakiti, akaona ile picha, akairudisha. "Au ndio hawa waliokanyagwa?" watu waliulizana. Dagaa wa kufunga hakuna, na waliofungwa hawatoki. Christina akaiona kampuni yake inakufa huku anaitazama.

Sasa hasira zikampanda. "Namfukuza Bariki! Picha zote nachoma. Simtaki, na kila mtu ajue simtaki."

Kabla hajachoma chochote, Agnesi akapiga simu huku analia. "Dada, utamtupa mwanao kwa ajili ya dagaa?"

Christina akaziweka picha chini. Kampuni ni yake na mtoto ni wake.

Polycarp akaenda kumwita jirani yao, Ziada. Ziada ni afisa michezo. Kwao ni Kondoa, lakini amekaa Kigoma mpaka anapenda mawese kuliko wenyeji. Alipoingia alimwamkia Christina, akaketi, akasikiliza yote mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "mmekosea mara mbili, na sasa mnataka kukosea mara ya tatu."

"Tumekosea wapi?"

"Mlimtetea kabla ya kuuliza. Halafu mkataka kununua kimya cha Mama Léoncie. Na leo mnataka kumtupa kijana kwa hasira, bila kukaa naye hata dakika moja."

"Sasa hayo makampuni makubwa hufanyaje?" Polycarp akauliza.

"Mengine hukosea vilevile kama ninyi, shemeji. Lakini yenye busara husimama kwanza. Yanasema hadharani: tumesikia, tunafuatilia, na mwanamichezo huyu hatatutangazia mpaka tujue ukweli. Ukisema hivyo hujamhukumu na hujamtetea. Unapata nafasi ya kusikiliza. Umsikilize yeye, uwasikilize walioumia, uwasikilize na waandaaji wa mbio."

"Na ikithibitika kweli amekosa?"

"Unasema ukweli, ukiwa mchungu hivyohivyo. Walioharibiwa mali unawafidia. Halafu unapima kosa. Mtu anayepiga watu, au anayetumia dawa za kuongeza nguvu na hasikii, kampuni huachana naye. Aliyekosa mara ya kwanza akakiri, unaweza kumsimamisha kwa muda na kumwonyesha njia ya kurudi. Ila matokeo ya mbio msiyaguse. Hiyo si kazi ya mdhamini, ni ya waandaaji."

Christina akauliza kwa sauti ndogo, "Na akiwa ndugu yako?"

"Ni hivyohivyo. Angekuwa mtoto wa jirani, ungeandika ni uzushi?"

Swali lilimchoma Christina.

"Halafu kuna jambo jingine," Ziada akaendelea. "Bariki anadaiwa kukanyaga dagaa. Lile neno uzushi, nani aliliandika?"

Polycarp akaanza kuangalia dari.

Kesho yake Mwambao walifuta lile tangazo. Wakaandika jipya: waliandika bila kuuliza, sasa wanafuatilia, na Bariki amesimama kuwatangazia. Kisha wakaomba watu wakutane uwanjani kwa wanaoanika. Wanawake walikuja wote. Mwandaaji wa mbio alikuja. Thobias alitoka Ilagala. Bariki naye alifika na kikombe chake cha ushindi ndani ya mfuko, kichwa chini.

Ziada akamuuliza mbele ya watu, kwa upole. Bariki akajibu vilevile, "Nilipita pembeni."

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Ebo! Pembeni ya nini, na mimi nilikuona?" Bariki akazidi kuinamisha kichwa, lakini hakubadili neno. Watu wakamgeukia Christina. Walidhani atamtetea tena, au atamfukuza palepale.

Christina akasimama.

"Kabla ya Bariki, nina langu," akasema. "Niliagiza iandikwe kwamba ni uzushi. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote wa hapa. Niliogopea jina la kampuni yangu. Mama Léoncie alisema kweli, na aliyesema uongo ni mimi. Halafu nikamletea kitenge ili anyamaze. Mama, nisamehe. Naona aibu."

Akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya Léoncie.

Bariki hakuwahi kumwona mama yake mkubwa akipigia mtu magoti. Machozi yakamtoka.

"Inuka, Mama mkubwa," akasema. "Ni mimi. Nilikanyaga. Nilimwona Thobias anapotea mbele, nikajua nimeshindwa. Nikasema, picha yangu iko kwenye pakiti, nikishindwa watanitoa."

"Nani alikwambia tutakutoa ukishindwa?"

"Hakuna. Lakini pia hakuna aliyeniambia kwamba hamtanitoa."

Christina alikaa palepale mchangani. Kweli, hawakuwahi kumwambia. Walimpa viatu, wakampa fulana, wakamwacha akimbie na hofu yake.

Bariki akatoa kikombe, akamkabidhi mwandaaji. Mwandaaji akatangaza kwamba mshindi wa mbio zile ni Thobias. Thobias alikipokea, akamtazama Bariki, kisha akampa mkono. "Mwakani tuzunguke wote barabarani," akasema, na watu wakacheka kidogo.

Mwambao waliwafidia wanawake wote walioharibiwa dagaa. Picha ya Bariki ikatolewa kwenye pakiti kwa msimu mzima. Viatu na chakula cha mazoezi hawakumnyang'anya, maana walitaka abadilike, hawakutaka aharibike. Kila asubuhi baada ya mazoezi alikwenda uwanjani kusaidia kuanika na kugeuza dagaa. Siku za kwanza mgongo ulimuuma akalalamika kama mzee. Wanawake wakamtania, "Mkimbiaji, huku hakuna njia ya mkato!"

Yote hayo Mwambao waliyaandika kwenye ukurasa wao bila kuficha. Watu wakasoma. Pakiti zikaanza kutoka tena madukani, na wanawake wa uwanjani wakarudi kuuza, mmoja baada ya mwingine. Aliyebaki ni Léoncie peke yake. Alimsamehe Christina, alimsalimu vizuri, lakini dagaa wake aliwauza kwingine.

Msimu ulipokwisha, Ziada akawasaidia kuandika mkataba. Wakakaa mezani, Bariki akausoma kwa sauti.

"Mwanamichezo akishindwa mbio, kampuni haitamwacha kwa sababu hiyo. Akidanganya au kudhuru mtu, atasimamishwa na kusikilizwa, na kosa lake litapimwa, awe ndugu au asiwe ndugu." Akanyanyua kichwa. "Nimekubali. Lakini Mama mkubwa, kampuni ikidanganya je?"

Polycarp alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Christina alimkodolea kijana macho.

"Una mdomo wewe!" akasema. Lakini alichukua kalamu, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: Kampuni ikisema uongo, itaomba radhi hadharani, na mwanamichezo ana haki ya kuondoka.

Akaweka sahihi, yeye wa kwanza. Kisha akamtuma Bariki amwite Léoncie aje awe shahidi.

Léoncie alikuja na mikono yenye harufu ya dagaa. Akausoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipofika kwenye mstari wa mwisho akausoma tena.

"Ego, ni sawa," akasema, akaweka sahihi yake. Akamtazama Christina. "Mizani yenu bado ni nzima? Kesho nitaleta dagaa."