Mdhamini wa Ruhusa ya Babu

Nilifika ofisi ya kumbukumbu za jeshi saa kumi na moja kasorobo jioni, wakati ambao mtumishi wa umma mwili wake bado uko kitini lakini roho yake imeshafika nyumbani. Mkononi nilikuwa na bahasha ya shangazi, imefungwa kwa gundi na kwa maonyo.

"Ukifika, toa hiyo barua," alikuwa ameniambia. "Wakikuonyesha pa kutia sahihi, tia. Usianze yale maswali yako ya kisomi. Mwenzio anakufa."

Mwenzangu huyo ni Bonge, mwanawe wa pekee. Mimi na yeye tumekula sahani moja tangu utotoni. Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na baba yangu alitoka nyumbani siku moja nikiwa na miaka minne, akaenda kuoa, kwa mujibu wa ukoo, mke mwingine katika mji mwingine. Shangazi, dada yake, akanichukua. Kwa hiyo akisema nenda, mimi huenda.

Mwezi ule Bonge alikuwa amebaki na jina tu. Mwili ulikuwa umehama. Kila magharibi, taa zikianza kuwashwa, tulisikia buti zikija uchochoroni. Jozi moja. Polepole... Zinafika mlangoni kwa Bonge. Zinasimama. Kisha visigino vinagongana, pa! Na Bonge, macho yamefumbwa, anajibu kwa sauti isiyo yake:

"Nipo!"

Asubuhi anaamka amepungua. Hospitali walipima kila kinachopimika, wakampa vitamini. Mganga naye, kwa maelezo ya shangazi, maana mimi sikuruhusiwa kuingia, alisema neno moja tu: babu yenu aliondoka jeshini vibaya, nendeni mkalifunge jalada lake.

Tulichokijua kuhusu babu kilitosha kuandikwa nyuma ya stempu. Alipigana vita ambavyo hakuvianzisha, akarudi na blanketi moja na tabia ya kutokaa akiupa mlango mgongo. Alikufa mzee, kitandani, bahati ambayo wenzake wengi hawakuipata.

Mlinzi wa getini hakuinua macho. "Kumbukumbu za zamani? Korido mpaka mwisho. Dirisha namba nne."

Dirisha la kwanza, la pili na la tatu yalikuwa yamefungwa, kila moja likiwa na tangazo linalokupeleka kwa jirani yake. La nne lilikuwa wazi.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Blanketi bichi. Mafuta ya bunduki. Na chini ya hivyo... kitu kama pumzi za watu wengi waliofungiwa chumba kimoja.

Karani alikuwa mzee mkavu mwenye sare iliyopigwa pasi kwa chuki.

"Umechelewa," alisema.

"Mzee, si mnafunga saa kumi na moja? Bado dakika kumi."

"Sikusema leo."

Aliipokea bahasha, akaipima uzito kiganjani, akaigonga muhuri bila kuifungua. Kisha akanisogezea kitabu kikubwa na kidau cha wino.

"Dole gumba hapa, ndipo upewe jalada."

"Siwezi kuliona kwanza?"

"Hulioni bila kulipokea. Hulipokei bila kuweka dole."

Mantiki ya aina hiyo ninaifahamu tangu siku nilipotafuta cheti cha kuzaliwa, nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa. Sikuona ajabu. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Mkate wangu ni kusoma kila neno kabla halijapigwa chapa. Miaka kumi na minane hakuna mkato ulionipita. Jioni ile nilichovya dole gumba langu kwenye wino, nikalibandika pale alipoonyesha, bila kusoma. Nilikuwa nikimfikiria Bonge, na magharibi ilikuwa inakaribia.

Wino ulikuwa baridi. Baridi ya kupanda mpaka kwenye kiwiko.

Nyuma ya rafu, buti zikasogea.

Siyo jozi moja. Nyingi. Nusu hatua, zote kwa pamoja... kama mstari unaompisha mwenzao asimame.

"Nani wako huko nyuma?" nilinong'ona.

"Majalada," karani alisema, akanipa la babu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina lake, namba yake, na ruhusa ya siku saba kwenda kumzika mama yake. Chini, kwa herufi za mashine ya zamani: *Askari aendaye ruhusa ataacha ndugu wa damu mahali pake mpaka atakaporejea.* Kisha jedwali. Mdhamini. Aliyemleta. Hali.

Babu hakurejea. Alimzika mama yake, akaning'iniza kofia, akaoa, akazaa, akazeeka.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa mdogo wake babu, yule ambaye ukoo husema alichukuliwa na mto. Aliyemleta: babu mwenyewe. Hali: Amemaliza.

Mstari wa pili niliusoma mara tatu. Lilikuwa jina la baba yangu. Na kwenye safu ya aliyemleta palikuwa na sahihi yenye mkia uliojikunja mara mbili. Niliijua. Ilikuwa kwenye kila ripoti yangu ya shule, mahali palipoandikwa *mzazi au mlezi*.

Hali: Amemaliza. Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita.

"Mwezi uliopita?" niliuliza.

"Askari mzuri," karani alisema. "Hakuwa na manung'uniko. Miaka ya mwanzo alikuwa akiuliza habari zako. Baadaye aliacha. Wote huacha."

Miaka thelathini na moja nimemchukia mtu aliyekuwa zamu.

Mstari wa tatu ulikuwa na jina la Bonge, la penseli, limekatwa. Pembeni yake jina langu, kwa wino, kwa mwandiko ule ule wa mkia uliojikunja. Alama ya dole langu ilikuwa bado haijakauka.

"Yule mama alikuja wiki iliyopita kufanya marekebisho," karani alisema. "Ana mwandiko mzuri. Barua ya leo ni ya kukukabidhi tu."

"Na nikikataa?"

"Hakuna safu ya kukataa." Alifungua mtoto wa meza kwa uvivu wa kiserikali. "Una siku saba za kuaga. Na ipo fomu ya kubadilisha. Ndani ya siku hizo unamleta ndugu wa damu mwingine, naye anaweka dole. Sharti aje kwa miguu yake. Kama anajua anakokwenda au hajui, fomu haiulizi."

Akanisukumia fomu hiyo, akafunga dirisha. Saa kumi na moja kamili. Katika maisha yangu sijawahi kuona ofisi iliyofunga kwa wakati namna ile.

Uchochoro wetu ulikuwa kimya niliporudi. Taa zimewaka, magharibi imeingia, na hakuna buti. Bonge alikuwa sebuleni, sahani ya tatu mbele yake, anakula kama mtu aliyetoka kifungoni.

"Kaka!" alisema, mdomo umejaa. "Leo hazikuja! Sijui umewafanya nini hao, lakini Mungu akupe maisha marefu."

Nikapita moja kwa moja mpaka jikoni. Shangazi alikuwa anasugua sufuria, amenipa mgongo.

"Umetia sahihi?" aliuliza. Hakuuliza nimefikaje.

"Ulimpeleka baba."

Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea kusugua. "Buti zilikuwa zinasimama mlangoni kwangu. Nilikuwa na mimba ya Bonge."

"Alijua anakwenda wapi?"

"Nilimwambia anisindikize."

Sebuleni Bonge alikuwa anaimba.

"Halafu ukanilea mimi," nilisema.

"Nilikulea kwa mapenzi." Jambo baya kuliko yote ni kwamba nilimwamini. "Kuna siku ulilala njaa? Nilikuwa nakupakulia wewe kabla ya Bonge. Waulize majirani."

"Shangazi, ungeniambia ningekwenda. Kwa ajili ya Bonge ningekwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, bila bahasha."

Ndipo akageuka. "Na kama usingekwenda?"

Alipangusa mikono, akavuta begi kutoka chini ya meza. Fulana mbili. Sabuni. Wembe. Shati langu la bluu nililolitafuta wiki nzima, limepigwa pasi, vifungo vyote vipo.

"Hawaruhusu zaidi ya hapo," alisema, kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu.

Kesho yake asubuhi nilirudi kule ofisini. Korido ilikuwa na madirisha matatu, yote wazi, yote yana foleni. Mahali pa la nne palikuwa na ukuta uliopakwa rangi zamani, na kalenda. Mkuu wa kumbukumbu alinisikiliza kwa upole, akanishauri niandike barua. Nakala tatu.

Lakini fomu ninayo. Na dole gumba langu halitakati. Nimelisugua kwa chumvi, kwa mafuta ya taa, kwa jiwe. Damu imetoka, wino haukutoka.

Leo ni siku ya tano. Bonge ameanza kurudi kwenye jina lake. Mashavu yamejaa, suruali zinambana, anatania wapita njia dirishani. Mchana huu tulikuwa mezani, mimi na yeye, sahani moja kama zamani. Alinisogezea kipande kikubwa.

"Nasikia makaratasi ya babu bado yanakuhangaisha," alisema. "Tena peke yako, kwa ajili yangu. Si vizuri, kaka. Nina nguvu sasa. Keshokutwa twende wote."

Jikoni, maji yaliacha kumwagika.

Shangazi akatokea mlangoni, povu likimdondoka vidoleni. Alinitazama mimi, siyo mwanawe, akatikisa kichwa polepole... polepole... kama mtu anayemwomba mbwa asiyemfahamu.

Niliingiza mkono mfukoni. Fomu ilikuwa baridi.

"Kaka?" Bonge alicheka. "Mbona unaniangalia hivyo? Nimesema kitu kibaya?"