Aliyemwaga Maji ya Moto

Pakiti ya karoti ilitoka kwenye friza ikiwa na joto.

Si lile joto la umeme kukatika na kurudi. Friza ilikuwa inanguruma kama siku zote, barafu imeganda kwenye kuta zake unene wa kidole, na pakiti za kulia na kushoto zilikuwa ngumu kama tofali. Hiyo moja tu ndiyo ilikuwa ya moto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Mwanamke aliyeishika alilijua vizuri joto hilo, kwa sababu kazi yake ilikuwa unesi. Aliigeuzageuza, akakagua waya ukutani, kisha akajiambia kile ambacho sote hujiambia tukiwa na njaa: labda ni uchovu tu.

Mtaa mzima ulimwita Nesi. Hata mumewe alimwita hivyo, hata wakigombana. Na katika mapishi alikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyethubutu kuuvuruga. Kila Jumamosi alikata karoti, maharage mabichi na koliflawa, akavitumbukiza kwenye sufuria kubwa ya maji yanayotokota kwa dakika mbili, si zaidi, kisha akaviopoa haraka na kuvitosa kwenye beseni la maji ya barafu ili visiendelee kuiva. Akavikausha kwa kitambaa, akavitia kwenye pakiti, vikaenda friza. Katikati ya wiki, akirudi zamu na miguu imevimba, chakula kilikuwa mezani ndani ya dakika kumi.

Na kilikuwa kitamu, tusidanganyane. "Usiyeyushe," aliwafundisha wenzake wa wodini. "Mafuta yapate moto kwelikweli, tia kitunguu saumu na binzari nyembamba, ikinukia ndipo umimine mboga na barafu yake. Usifunike. Chumvi mwisho kabisa, ukiitanguliza mboga inatoa maji na unaishia kula uji." Maji ya kuchemshia hakuyamwaga yakiwa ya moto hata siku moja. Aliyaacha kwenye sufuria mpaka asubuhi, akapigia deki.

Mumewe alikuwa fundi friji, naye waliitwa yeye Fundi tu, na friza hiyo aliitengeneza mwenyewe kutokana na friza mbili zilizokufa. Walikuwa na binti mmoja wa miaka minne waliyemwita Kitufe kwa udogo wake. Tangu mwanzo wa mwaka aliishi nao pia mama yake Fundi, aliyekuwa amemzaa Fundi huyo tu na hakupata mtoto mwingine. Ndani ya nyumba wote walimwita Bibi.

Bibi hakuzipenda mboga za friza. "Mboga za mochwari hizo," alikuwa akisema, halafu anakula. Alivumilia mpaka siku Fundi alipolamba kijiko mbele ya wageni na kutamka, "Mama, tangu unizae sijala maharage mabichi matamu hivi." Jamani! Mwanamume mzima na ndevu zake, hana hata akili ya kuficha neno. Alicheka, akaongeza chakula. Wageni wakacheka. Bibi hakucheka, na mimi namwelewa, ingawa simtetei.

Sasa turudi kwenye karoti. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi alasiri. Nesi alichana pakiti, akamimina.

Mboga yenye barafu ikikutana na mafuta ya moto hupiga kelele, kila mpishi anajua. Hii ililia. Ulikuwa mlio mwembamba wa kukatakata pumzi, mlio wa mtoto mchanga, na kabla Nesi hajarudi nyuma hatua moja, kilio kingine kikaitikia kutoka sebuleni.

"Mama! Maji! Maji ya moto!"

Kitufe alikuwa chini ya meza na vifuniko vyake vya chupa. Hapakuwa na maji pale, wala kikombe. Lakini kisigino chake cha kulia kilikuwa chekundu na kimefura lengelenge kubwa, na chumba kizima kilinuka kama kuku aliyetoswa kwenye maji ya moto ili anyonyolewe manyoya.

"Labda mdudu," alisema Bibi kutoka mlangoni.

"Mdudu gani anayechoma hivi, mama?"

Bibi aligeuka haraka, akarudi jikoni na bakuli alilokuwa ameshika.

Jumanne Nesi hakupika kabisa. Haikusaidia kitu. Ilipofika saa kumi friza ilikoroma, harufu ile ikajaa nyumba, na Kitufe akapiga ukelele huku amekaa mapajani kwa mama yake. Nesi aliona kwa macho yake wekundu ukipanda kutoka kisiginoni, polepole, ukipita kwenye kifundo, ukipita kwenye muundi, mpaka ukasimama gotini. Alimbeba mbio hadi hospitali alikofanyia kazi. Daktari alimtazama mtoto, kisha akamtazama yeye. Mwenzake wa zamu alimvuta pembeni, nyuma ya pazia.

"Shoga," alinong'ona, "niambie mimi. Nani anamchoma huyu mtoto?"

Neno hilo lilimuuma kuliko chochote. Alirudi nyumbani nalo rohoni, akalitua mbele ya mkwe wake. "Mama, mimi nikiwa kazini, mtoto anabaki na nani?"

"Unanituhumu mimi?" Bibi alisimama. "Mjukuu wangu? Damu ya mwanangu?"

Na kweli, hakuwahi kumgusa kwa ubaya. Lakini jioni hiyo alijifungia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, na Jumamosi ikamrudia.

Jumamosi, saa kumi alasiri, ilikuwa hivi. Karoti zilikuwa zimeshaopolewa na kulazwa kwenye barafu, maharage yalikuwa yamekatwa yakisubiri zamu yao. Nesi aliingia ndani kumwogesha Kitufe. Bibi alibaki jikoni peke yake, amevaa aproni ya njano ya Nesi kwa sababu alikuwa amesaidia kukata. Sufuria ilikuwa inatokota. Akayasikia tena maneno ya mwanawe, tangu unizae, na kicheko cha wageni. Basi akachukua matambara mawili, akainyanyua sufuria, akatoka nayo uani na kuyamwaga maji yote kwenye tundu la karo, shimo la maji machafu, yakiwa yanatokota, kwa nguvu, ili mwenye mapishi matamu akirudi akute sufuria kavu. Kisasi kidogo tu, cha sufuria moja.

Kutoka kwenye karo kulitoka ukelele. Mfupi. Ukakatika. Bibi alijiambia ni paka, na Nesi alipouliza alimwambia maji yamekauka yenyewe.

Jumatano wekundu ulifika kiunoni. Mtoto hakuwa na nguvu ya kulia tena, alikuwa anaguna tu kama mzee. Bomba la sinki nalo likaanza kutoa sauti, kwikwi, kwikwi, kama mtu anayejizuia asilie mbele za watu, na harufu iliyotoka humo ilimfanya Fundi apige simu kwa rafiki yake fundi bomba. Alidhani karo limeziba. Maskini, fundi kila tatizo analiona la kifundi.

Fundi bomba alikuja Alhamisi baada ya saa tisa. Mume wa Nesi alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Huyu wa bomba alikuwa mtu mfupi, mchekeshaji, mwenye miaka thelathini ya kuchimbua uchafu wa watu. "Ninyi mnakula vizuri," alitania, "mimi ndiye ninayeona mwisho wake." Alipofika uani alifanya jambo ambalo Nesi hakuwahi kuona fundi akilifanya. Aligonga mfuniko wa karo kwa spana, mara tatu, na kusema, "Hodi wenyewe, nafungua." Kisha akaufunua. Akachungulia. Akaurudisha taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akavua kofia, na utani wote ukamwisha.

"Hapa pana msiba," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alimwaga maji ya moto bila kubisha?"

"Maji gani?" aliuliza Nesi.

"Dada, kuna wanaokaa humo. Nimefanya kazi nao miaka yote, ukibisha wanakupisha. Hapa amefiwa mtu. Amefiwa na mtoto."

Nesi alitikisa kichwa. "Mimi simwagi maji ya moto. Muulize yeyote. Mama, si unajua?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

Saa ya ukutani ilifika kumi. Friza ilikoroma mara moja, ikanyamaza, na katika ukimya ule walisikia miguu midogo ikija kutoka chumbani, miguu ya mtoto ambaye tangu jana hakuweza kusimama, ikiburuza mashuka, ikigusa sakafu kwa mlio wa majimaji, mpaka Kitufe akatokea kwenye korido, macho yamegeuka meupe, mvuke unamtoka kwenye nywele, naye akafungua kinywa na kilichotoka humo kilikuwa sauti ya mwanamke mzima aliyelia siku nyingi mpaka machozi yakamwisha na hasira peke yake ikabaki.

"Karoti aliziopoa," ilisema sauti. "Aliziwahi kwa barafu, zisiumie. Wangu nani alimwopoa?"

Fundi bomba alipiga magoti. "Pole, mama. Unataka nini?"

"Mtoto wa aliyemwaga. Wangu alianza kuungua kisiginoni. Huyu naye. Leo inafika moyoni."

"Si mimi!" Nesi alilia. "Haki ya Mungu si mimi! Mwache mwanangu!"

"Niliiona nguo. Ya njano."

Nesi aligeuka. Aproni ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake. Aliitazama, kisha akamtazama mkwe wake, na hakuna aliyehitaji kumwambia lolote.

Na Bibi, akiwa amekamata fremu ya mlango kwa mikono miwili, alielewa yote kwa mkupuo mmoja: kwamba akinyamaza mjukuu wake atakufa mbele yake sasa hivi, na kwamba akisema, mtoto wa aliyemwaga ni yule aliyemzaa baada ya miaka kumi na moja ya kuitwa tasa, aliyemlea kwa kufua nguo za watu mpaka kucha zikamtoka, ambaye asubuhi hii hii alimwambia "Mama, unataka nikuletee nini?" naye akamjibu kwa kununa kwamba hataki kitu.

Wekundu ulikuwa umeshafika mbavuni mwa mtoto.

"Mama," Nesi alisema. Alikuwa amepiga magoti pia, amemshika Bibi miguuni. "Mama, nakuomba. Sema."

Je, alijua anachokiomba? Nadhani alijua. Alikuwa ameolewa na mtoto huyo.

"Ni mimi," alisema Bibi. Ilitoka kama kikohozi. "Nilivaa aproni yake. Nilitaka kumkomoa, basi, sikujua kuna mtoto. Mwache huyu. Nichukue mimi, mimi nimeshazeeka, nichukue mimi!"

Mtoto mwenye macho meupe alimwendea. Alimtazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayekariri sura.

"Mimi nilibaki," ilisema sauti. "Na wewe utabaki."

Kisha Kitufe alianguka, Nesi akamdaka. Alikuwa wa baridi, baridi nzuri ya mtoto mzima wa afya. Wekundu ulikuwa unashuka kutoka mbavuni, kutoka kiunoni, ukitoweka huku wakiuangalia. Alifumbua macho na kuomba chakula. Nesi alimkumbatia kwa nguvu, akalia kwa furaha, na papo hapo akamkumbuka mumewe.

"Simu," alisema. "Nipe simu yangu. Mpigie. Mwambie atoke huko aliko!"

Bibi alikuwa ameshaikamata juu ya meza, anabonyezabonyeza bila kuona. Ikaita yenyewe mkononi mwake. Ilikuwa namba ya mwanawe. Aliiweka sikioni.

"Mwanangu? Baba? Uko wapi?"

Aliyejibu hakuwa mwanawe. Alikuwa kijana anayehema, na nyuma yake watu wengi walikuwa wakipiga kelele.

"Samahani, nimekuta namba hii juu kabisa. Fundi alikuwa ndani ya chumba cha baridi, anatengeneza feni. Alijifungia mwenyewe, baridi isitoke. Tumesikia anapiga kelele, tumefungua..." Kijana aliwaambia watu wasogee. "Humo ndani kuna barafu mpaka darini. Hakuna moto, hakuna maji, hakuna chochote. Sijui ameunguaje. Ameungua mwili mzima. Tumejaribu, lakini ameshakata roho."

Fundi bomba alianza kukusanya spana zake, moja moja, bila kumwangalia mtu.

"Halo?" alisema kijana. "Naongea na nani? Wewe ni nani yake?"

Bibi aliangalia ukuta.

"Mama yake," alisema.