Wimbo Uliokatwa Mwisho

Fumbeni macho, wanangu, mkione chumba kidogo cha ghorofani huko Nguba, mjini Bukavu, juu ya ziwa. Magodoro ya zamani yamepigiliwa ukutani ili kelele za barabarani zisiingie. Ndani kuna kinanda, kompyuta, mikrofoni moja, na Hervé, mtunzi wa muziki. Alianza na matangazo ya sabuni redioni, akaja kwenye podikasti, kisha mchezo wa televisheni. Baada ya miaka kumi na miwili amepata filamu yake ya kwanza. Ni mchana, mvua inanyesha, naye ananusa udongo.

Harufu ya udongo si ajabu Bukavu. Lakini huu ulikuwa udongo wa chini, ule ambao jua halijauona.

Ulinuka kutoka kwenye spika.

Wimbo uliokuwa ukilia humo Hervé aliurekodi huko Mudaka, nje ya mji, kwenye matanga ya Delphin, mchimba dhahabu aliyefukiwa shimoni huko Mwenga. Mwili haukupatikana. Hakukuwa na jeneza wala kaburi, ila mjane wake, Euphrasie, akiimba. Alimwita mumewe, akamwita tena, na mwishoni akamtaja jina na kumwambia alale.

"Chukua," alimwambia Hervé siku ile, "lakini chukua yote."

Hervé aliahidi. Ila mwenye filamu alitaka sauti isiyokoma, basi akaukata ule mwisho, akaunga mwito na mwito, ukawa unazunguka tu. Ulipendeza mno! Akauweka pia kwenye podikasti inayosikilizwa mji mzima.

Sasa, nyuma ya sauti ya Euphrasie, kulikuwa na kitu kingine. Ko. Ko. Ko. Sululu juu ya jiwe. Alikifuta, kikarudi. Alikifuta tena, kikarudi karibu zaidi.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mireille, mkewe.

"Papa Chancelle," alinong'ona, "kuya uone mutoto."

Chancelle, binti yao wa miaka mitano, alikuwa ameketi chini ya meza ya kulia, midomo imefungwa, akiimba kwa pua wimbo uleule.

"Tangu asubui hajasema hata neno," Mireille alisema. "Na angalia makucha yake. Udongo! Tuko huku juu, ku étage, ameutoa wapi?"

Hervé alikimbia kuzima kompyuta, akang'oa na waya ukutani, lakini wimbo haukunyamaza, kwa maana mtoto aliendelea nao, na simu ya jirani nayo ikaanza kuuimba ng'ambo ya ukuta, na chini ya miguu yao, ndani ya sakafu ya saruji, ile sululu ikawa inapanda pigo kwa pigo, kama mtu aliyeitwa siku nyingi na sasa ameijua njia.

Wakambeba mtoto, wakapanda pikipiki hadi Mudaka, mvua ikiwapiga.

Euphrasie alikuwa barazani akichagua maharage. Alimsikia Chancelle kabla hajamwona.

"Mwisho uko wapi?"

"Nilikata, maman," Hervé alisema. "Mwenye filme alitaka iendelee tu."

"Weye na masomo yako yote! Hata kuku, ukiiita, unaitupia mahindi. Umemwita mume wangu mara mingapi? Na haumwambie aende kulala!"

Hervé akamsogezea mtoto.

Euphrasie alimpakata mtoto, akaimba wimbo wote, taratibu. Alipofika mwisho, sauti yake ilikatika, akaikusanya tena. "Delphin, umefika. Lala."

Mvua tu ikasikika. Kisha Chancelle akapiga chafya.

"Maman, niko na njaa."

Kesho yake Hervé aliurudisha mwisho ule mahali pake. Mwenye filamu aliukataa, akatafuta mtunzi mwingine. Hervé hakubishana. Lakini podikasti ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu, na kilichoingia kwenye simu za watu hakuna wa kukirudisha.

Kwa hiyo, wanangu, huenda siku moja mkasikia mama akiita, akiita, bila kumaliza, na nyumba ikaanza kunuka udongo. Msikimbie. Mmalizieni wimbo wake. Nawaomba mkumbuke kitu kimoja tu, jina la yule anayeitwa: Delphin.