Mwanamke wa Kisimani Kwenye Kaseti ya Kwanza

Jumamosi ile kaka yangu Fulgensi alipiga pasi shati lake, akanywa uji amesimama, akaniambia tuondoke. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Barabara ya kwenda sokoni Ifakara ilikuwa matope matupu, wenye baiskeli wamezibeba begani. Ulikuwa mwisho wa mwaka tisini na saba, mwaka wa mvua zile ambazo kila mtu wa bonde la Kilombero anazikumbuka.

Tulikuwa tunakwenda kwa mzee Barnaba. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, na nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye televisheni na mashine ya gemu aliyoinunua Dar es Salaam. Mashine ilikuja na kaseti tatu za hadithi moja yenye falme, majoka na askari wa upanga. Lakini maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, au ndivyo tulivyodhani. Hakuna aliyeweza kusoma hata neno moja. Tuliona mfalme analia, tuliona lango linafungwa, lakini kwa nini, hatukujua.

Hapo ndipo kaka yangu alipopata nafasi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea, na nyumbani hakuwa na kazi zaidi ya kulima na mama. Ndani ya chumba kile alikuwa mtu. Vijana wengine hawakuja kucheza, walikuja kumsikiliza yeye.

"Tazameni pete ya mfalme," alikuwa akisema. "Kwenye kaseti ya pili, pete ile ile anayo jambazi wa msituni. Sasa mfalme anamlilia nani? Anamlilia mwanawe, aliyemfukuza mwenyewe."

Chumba kizima kiliguna. Sikitu, binti wa mzee Barnaba aliyekuwa akikusanya hela mlangoni, aliuacha mlango akaja kusikiliza. Fulgensi alimpenda Sikitu na hakuwahi kumwambia. Alimsimulia habari za mfalme badala yake.

Jambo moja tu lilikuwa linatusumbua. Kwenye kaseti ya kwanza, nyuma ya kijiji, kulikuwa na kisima, na kando ya kisima mwanamke amesimama akiwa amewapa watu mgongo. Ukimsogelea, haongei. Ukimzunguka, naye anazunguka, uso wake huuoni. Fulgensi alisema huyo ni marehemu mama wa askari tunayemchezesha, anamngoja mwanawe. Tukaridhika.

Siku ile kulikuwa na mgeni. Kijana mrefu wa Kisukuma, jina lake Limbu, ambaye familia yake ilikuwa na ng'ombe upande wa Katindiuka. Alikuwa akileta maziwa mjini kwa baiskeli, na kwa siku chache alikuwa akipita kututazama tukicheza. Madumu yake yalikuwa matupu, naye amekaa nyuma kabisa, kimya.

"Samahani, kaka," alisema. "Huyo si mama wa askari."

Watu wakageuka.

"Wote humo wana kivuli chini ya miguu. Hata kuku anacho. Yeye hana. Halafu kwenye kaseti ya tatu kuna mashamba ya mfalme. Wale wanaolima hawana sura, hawapumziki, hawajibu salamu. Watu wa namna hiyo wana jina lao."

"Misukule," mtu akanong'ona.

"Ndiyo. Anayewapeleka ni yeye, na mlango ni kisima."

Sikitu alikuwa ameshaacha mlango. "Mbona hajawahi kumchukua askari wetu?"

"Kwa sababu gemu ikiuliza jina tunaandika mambo ya uongo. Jenerali. Komando. Yule anataka jina la mtu aliyezaliwa." Limbu akainua kidole. "Msije mkaandika."

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Hakuna aliyecheka isipokuwa kaka yangu, naye alicheka peke yake.

"Hiyo ndiyo yenyewe," Sikitu alisema taratibu. Alikuwa anamtazama Limbu.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika karibu na mlango Fulgensi akasema, "Amekuja juzi tu." Basi. Lakini tangu siku hiyo usiku hakulala vizuri, na mchana alikuwa hana raha. Akiingia kwa mzee Barnaba, kwanza alitazama nani amekaa karibu na Limbu. Vijana walipotaka kujua jambo, waliuliza, "Limbu anasemaje?" Sikitu alianza kuyapokea maziwa mwenyewe, na kidumu kimoja kilimchukua muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nyumbani tukawa tunakunywa chai ya rangi. Kaka aliyakataa maziwa yale.

Nayajua yaliyofuata kwa sababu aliniambia kwa mdomo wake.

Adhuhuri moja alikwenda pale peke yake. Mzee Barnaba alikuwa sokoni. Fulgensi aliweka kaseti ya kwanza, gemu ikauliza jina. Herufi zetu zilikuwepo sehemu hiyo tu. Akachagua moja moja. L. I. M. B. U.

Akampeleka askari kisimani, akamsimamisha nyuma ya yule mwanamke, akaiweka pedi ya kuchezea chini. Akaenda mgahawani kunywa chai.

Aliporudi, mwanamke alikuwa amegeuka.

Hakuwa na meno marefu wala macho mekundu. Alikuwa mwanamke tu. Mdomo wake ulikuwa unacheza, polepole, kama mtu anayejifunza kutamka jina geni.

Kesho yake Limbu hakuleta maziwa. Wala keshokutwa.

Sikitu alikwenda Katindiuka kumtazama, akarudi analia. Alituambia Limbu halali, ila anazimika. Akiamka amechoka kuliko alivyokuwa kabla ya kulala. Viganja vimejaa malengelenge. Ngozi ya miguu imekunjamana na kuwa nyeupe, kama ya mtu aliyesimama majini kutwa nzima. Mama yake, mama Kabula, alikuwa anajilaza mlangoni ili asitoke. Hakutoka. Na kila alipoamka miguu yake ilikuwa na tope.

Siku hiyo Fulgensi aliweka kaseti ya tatu. Nilikuwepo. Mashamba yalipotokea, nilimwona mlimaji mmoja mrefu kuliko wenzake, pembeni kabisa. Nilikuwa nimeyaona mashamba yale mara nyingi. Huyo hakuwepo.

"Haiwezekani," mzee Barnaba alisema. "Kaseti ni tofauti hizi. Haziwezi kuambiana." Lakini aliizima mwenyewe.

Njiani kaka akaniambia alichofanya. Nilimshika shati. Nilimwambia twende tukaombe radhi kabla kijana wa watu hajafa. Alikubali haraka mno, nikafikiri ni majuto.

Mama Kabula alitupokea vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Ninyi ndio rafiki zake wa mjini?"

"Ndiyo, mama," kaka akajibu, bila kupepesa macho.

Limbu alikuwa amelala chini kwenye ngozi, amekonda, midomo imekauka. Alimtambua Fulgensi.

"Ni mpunga, kaka," alinong'ona. "Kule ni mpunga. Hauishi."

Nilingoja kaka yangu aombe msamaha. Yeye alipiga magoti, akamwinamia.

"Na kisima?"

"Kina ngazi."

"Lango lile la jiwe je? Linakwenda wapi?"

"Nimelipita."

"Na mfalme." Kaka akamsogelea zaidi. "Mfalme analilia nini, Limbu?"

Limbu akashangaa kweli, kama mtoto.

"Kumbe wewe hukuwa unajua?"

Akazimika tena.

Tulirudi kwa miguu, mvua ikitupiga. Kaka alikuwa analia, nami nikamwambia Mungu anasamehe.

"Mungu wa nini?" alisema. "Justa, huelewi. Yule ameingia. Ameona yote. Mimi niliyekaa na hadithi hii tangu siku ya kwanza, mimi niliyewafundisha wote, nimebaki nje kama mbwa."

Nikayatazama yale machozi. Hayakuwa ya huruma. Nilikuwa nayafahamu tangu utotoni, baba akigawa samaki na kipande cha mwenzake kikawa kikubwa.

Sikuweza kumzuia, maana sikujua alichokuwa anawaza. Mashine ilikuwa inatunza jina moja tu. Kulifuta la zamani, lazima uandike jipya. Asubuhi iliyofuata alikwenda akaandika la kwake.

Wiki ile ile Limbu alionekana sokoni na madumu yake. Alikuwa mwembamba, lakini anacheka na watu. Alipoulizwa kuhusu kisima, alisema hakumbuki. Alipoulizwa kuhusu misukule, alisema hajui gemu, yeye ni mtu wa ng'ombe.

Na mikono ya kaka yangu ikaanza kuchubuka.

Mwanzoni alifurahi. Aliamka na tope hadi magotini, akaniamsha anionyeshe. Akaoga, akavaa vizuri, akaenda kwa mzee Barnaba. Habari zilikuwa zimeshaenea. Chumba kilijaa hadi barazani, na Limbu mwenyewe alikuwa amesimama dirishani kama wengine. Sikitu akauacha mlango wake. Akaja mbele kabisa.

"Haya, Fulgensi," alisema. "Tuambie. Mfalme analilia nini?"

Nilimwona kaka anavyowatazama, mmoja mmoja. Mwisho akamtazama Limbu. Ilikuwa siku yake.

Akafungua mdomo.

Akaufunga.

Akaufungua tena. Jasho likamtoka.

"Haturuhusiwi," alinong'ona.

Hakusema "siruhusiwi". Wengi hawakulitilia maanani. Mimi nililisikia.

Baada ya hapo hakuongea tena. Alikula kidogo, akalala. Akaamka, akalala. Mama alimleta mwalimu wa dini, akaleta na bibi mmoja wa Kipogoro anayejua dawa. Bibi alimshika mkono tu, akauachia.

"Huyu mnayemlaza hapa," alisema chini chini, "ni mabaki."

Siku ya mwisho ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Fulgensi alikuwa ndani, amelala mkekani. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Mama alikaa mlangoni na ungo, anachambua mchele. Hakuondoka. Hakusinzia. Mimi nilikuwa jikoni, hatua chache tu, nikimwona mama mgongo.

Ugali ulipoiva nikaenda kumwamsha.

Mkeka ulikuwa umelowa. Ulilowa umbo la mtu, kichwa, mabega, miguu.

Mtu hakuwepo.

Tulimtafuta. Watu walikwenda hadi mtoni, maji yalikuwa yamefurika hadi mashambani, wakasema maji yamemchukua, si wa kwanza. Mama aliwasikiliza wote. Kisha alisema jambo moja tu, nalo amelirudia hadi leo.

"Mimi nilikuwa mlangoni."

Limbu alikuja msibani akachota maji na kupasua kuni kama ndugu. Mavuno ya mwaka tisini na nane yalipokwisha, alimwoa Sikitu. Nilikwenda harusini. Nilikula pilau yao nikimtazama Limbu anavyocheka, nikajua kwamba ule ugonjwa wa wivu haukuwa wa kaka yangu peke yake.

Lakini kabla ya harusi, Februari, mzee Barnaba alikuja kumwita mama. Televisheni ilikuwa imekataa kuwaka. Alikuwa ameipeleka kwa fundi Joshua, na fundi alikuwa amefungua mfuniko wa nyuma, akaurudisha, akakataa kuendelea hadi sisi tufike.

Tulikwenda. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka kidogo. Fundi alikuwa amesimama mbali na meza yake mwenyewe.

"Mama, fungua wewe," alisema.

Mama alitoa mfuniko. Ndani, juu ya nyaya, kulikuwa na mganda wa mpunga. Masuke mazito, ya manjano, umefungwa kwa jani lake. Maji yalikuwa bado yanachuruzika, yakadondoka sakafuni.

Mwezi ule bonde zima lilikuwa limefunikwa na maji. Kuanzia Mkula hadi Mlimba hakukuwa na mtu mwenye mpunga uliotoa suke.

Mama aliuchukua. Akaunusa. Akang'oa punje moja, akaivunja kwa meno, akaitafuna akiwa amefumba macho.

"Umevunwa leo," alisema.