Sauti Iliyovuta Pumzi

Ile sauti ilivuta pumzi. Mwanzoni Loth alidhani ni upepo wa mji wa Same, ule wa saa saba mchana unaotimua vumbi na kugongagonga mabati. Akavua hedifoni, akasikiliza, akazivaa tena. Sauti ya kike ya programu inayomsomea skrini ikataja jina la faili, ikanyamaza, kisha ikahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo.

Loth alikuwa kipofu tangu utotoni, na kwa miaka kumi na mmoja sauti hiyo ndiyo iliyokuwa macho yake. Kwa hiyo aliweza kufungua kibanda cha kompyuta karibu na stendi, yeye akitengeneza mashine, mkewe Doris akichapa barua za watu. Sauti hiyo haikuwahi kumdanganya hata siku moja.

Asubuhi ile mjane mmoja wa Lembeni, Mwanahalima, alimletea diski ya kompyuta ya marehemu mumewe, aliyekuwa msimamizi wa shamba la mkonge. "Nitolee picha zake tu, mwanangu," alisema, akaondoka bila kuyagusa maji aliyoyaomba.

Kwa kuogopa virusi, Loth aliinakili diski yote ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya bandia inayowashwa ndani ya kompyuta halisi, ili chochote kibaya kibaki kimefungiwa humo. Mashine hiyo ya ndani alikuwa ameikata sauti. Haikupaswa kutamka neno.

"Mlango uko wazi," ikasema sasa. "Mwanamke mmoja. Anakunja karatasi."

Vinyweleo vikamsimama Loth. "Mama Agape, unafanya nini hapo?"

"Nakunja barua ya mwalimu. Kwani vipi?" Doris akanusa. "Mbona panavunda hivi? Kama mkonge uliooza."

"Toka nje," Loth akanong'ona. "Usikimbie. Toka tu."

Akabonyeza kitufe cha kutoka katika mashine ya ndani. Haikukubali. Programu ile hata Kiswahili ilikitamka kwa kuchapia, lakini sasa ilimwita kwa Kipare safi, kwa jina la utani alilomwita marehemu mama yake peke yake, kule kijijini Vudee.

"Mwanamke amefika kizingitini," ikasema. "Haendi."

Mlango ukajibamiza. Doris akapiga yowe, na Loth akasikia mwili wa mkewe ukitupwa juu ya mashine ya fotokopi, kioo kikipasuka, akajirusha kuelekea sauti hiyo, akipapasa hewani, hadi mkono wake wa kushoto uliposhikwa na mkono mwingine, wa moto, wenye manyoya makavu, ukamminya vidole mpaka viwili vikavunjika kama kuni, ukamtupa ukutani, na muda wote huo, katika hedifoni zilizomning'inia shingoni, ile sauti ya upole ilikuwa ikisoma kazi inayofanyika: "Jino. Jino. Nywele."

Majirani walivunja mlango. Wa kwanza kuingia alikuwa mzee Swalehe, mganga wa majini, aliyeuza ubani duka la pili. Doris alikuwa ameketi juu ya meza, damu ikimchuruzika kidevuni, akicheka kwa sauti ya kiume.

"Wewe nani?" Swalehe akauliza, akiwasha ubani.

"Msimamizi wa Lembeni alinifuga," jini akajibu kwa kinywa cha Doris. "Nilimpa mali, akanipa damu. Alipokufa, mjane wake hakutaka kunilisha. Akanihamishia kwa kipofu huyu. Nami nina njaa."

"Loth!" Swalehe akaita. "Kiti chake, makao yake, kimo katika hiyo diski, na katika ulichokinakili. Mimi nitamzuia kwa dua. Wewe kifute. Hima, anamgeuza mkeo shingo!"

Loth akapapasa hadi kwenye kompyuta. Safari hii mashine ya ndani ilikubali kuzimwa. "Faili zimefutwa," sauti ikamwambia. Nusura amshukuru Mungu. Kisha akakumbuka kwamba hakuwa amebonyeza kitufe cha kufuta.

Ilikuwa ikimdanganya.

Akaizima sauti. Gizani kabisa sasa, bila neno la kumwongoza, akayahesabu mabonyezo kwa kumbukumbu ya vidole tu, chini mara nne, kulia mara moja, huku akisikia mifupa ya shingo ya Doris ikilia. Kufuta kulihitaji mikono miwili. Akakandamiza kitufe cha kushoto kwa vidole vilivyovunjika, akapiga ukelele, akabonyeza cha kulia, akathibitisha. Swalehe akaisaga diski kwa nyundo.

Doris akaanguka mikononi mwa majirani, akilia kwa sauti yake mwenyewe.

"Ametoka," Swalehe akasema, "lakini hana pa kwenda. Ukimsamehe aliyekuletea, jini nitampeleka nyikani. Usipomsamehe, atamrudia. Neno ni lako, uliyeumizwa."

Loth akapapasa uso wa mkewe. Mdomo ulikuwa umechanika. Kidole chake kikapita kwenye mapengo mawili.

"Heshima yako naijua, mzee, lakini sina msamaha."

"Fikiri, mwanangu."

"Nimeshafikiri."

Upepo ukapita kibandani, ukaelekea Lembeni.

Saa kumi jioni simu ikaja. Mwanahalima amekutwa uani kwake, mikono imevunjwa, uso umegeukia mgongoni. Loth akamweleza Doris palepale kitandani hospitalini. Doris akauliza kwa midomo iliyovimba:

"Alikuwa na watoto?"

Loth hakujua. Hakuwa ameuliza.