Mistari Myeupe kwenye Pareto ya Kogo

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chepkirui alipeleka maziwa barabarani, kisha akarudi kwa njia ya kaburini. Nyanya yake, waliyemwita Kogo, alizikwa ukingoni mwa shamba lao la chai huko Kimulot. Kando ya kaburi kulikuwa na mashina ya pareto aliyoyapanda kwa mkono wake. Hakuna kingine alichopanda kilichokuwa bado hai.

Baada ya mvua, mistari myeupe ilitokea kwenye majani. Ilipindapinda kama uzi ambao Kogo alidarizia vitambaa vya viti. Kesho yake ilikuwa imerefuka. Chepkirui alimwita binamu yake, Kimeli.

"Labda ni mdudu," Chepkirui alisema.

"Mdudu ale pareto?" Kimeli alicheka. "Si pareto ndiyo dawa ya kuua wadudu? Huyo ni Kogo, bado anashona. Na vile unaongea sana, atakushona mdomo!"

Tangu siku hiyo Chepkirui aliogopa kupita pale, na hakuweza kuacha kupita. Ukungu ukitanda, alihisi kuna mtu ameinama kati ya mashina. "Chamgei, Kogo," alisalimia kwa sauti ya chini. Mama alipouliza habari za pareto, alijibu, "Iko sawa tu." Hakutaka mtu yeyote ayaguse majani yale.

Lakini majani yalianza kukauka, shina baada ya shina. Yalipobaki mashina machache, alimkimbilia mama akilia.

"Nilikudanganya, mama. Pareto ya Kogo inakufa yote."

Mama hakumkemea. Alichuma jani, akaliinua juani. "Tazama mwisho wa mstari."

Ndani ya jani, funza mdogo alikuwa akijongea, akila.

"Ni mtoto wa nzi," mama alisema. "Nzi hutaga mayai humo."

"Kwani pareto haimuui?"

"Nguvu ya dawa iko kwenye ua. Jani kwake ni chakula tu."

Walichuma majani yote yenye mistari, wakayachoma moto. Waling'oa pia magugu ya kichoma mguu, maana funza wa nzi huyo hula hata hayo. Jani la mwisho Chepkirui alilifumbata.

"Hili tu, mama."

"Hata mimi ninamlilia Kogo, mwanangu. Lakini humo mna nzi mwingine."

Chepkirui akafungua kiganja.

Mashina yalichipua tena. Majani mapya yalikuwa ya kijani kitupu, na Chepkirui aliyatazama kwa muda mrefu, moyo ukiwa mpweke. Mama alimkabidhi jembe.

"Kogo hakutuachia ugonjwa ili tuutunze," alisema. "Alituachia kazi. Ukiona kitu kinaharibika, sema mapema, hata kama moyo unakukataza. Anayeficha ugonjwa hukiua kile anachokipenda."

Chepkirui aliinama katikati ya mashina, akaanza kupalilia.