Bibi wa Samurai

Stendi ya teksi ya Isipingo ilikuwa imefurika watu pale upanga wa mbao uliponasa mtandio wa Rhoda, Mtanzania aliyekuwa fundi cherehani mtaa wa Umbilo. Aligeuka kugomba, akakutana na kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu.

"Pardon, chérie. Minaenda kulipa kisasi, nimechelewa."

Rhoda akacheka, hasira zikamtoka. "Kisasi cha nani?"

"Cha bwana wangu. Ni mchezo ya jukwaa, ya samurai, wapiganaji ya Japani ya zamani. Iko na kila kitu, ila fundi wa nguo."

Huyo ndiye Prodige, Mkongo wa Bukavu, mchana kiwandani Jacobs, jioni mazoezini. Rhoda akamshonea joho jeusi la mikono mipana, na kabla halijaisha walikuwa wamekwishapendana.

Jumapili moja Rhoda akampigia simu. "Uko wapi, mpenzi?"

"Niko kwa bibi yangu. Ni mgonjwa. Nitakuita baadaye."

Rhoda akamwombea bibi wa watu apone. Kesho yake akamsimulia Grâce, mwigizaji mwenza wa Prodige. Grâce akaangua kicheko. "Ma chère, kwetu Congo bibi ni mke."

Tangu hapo Rhoda hakupokea simu. Siku ya onyesho aliingia chumba cha mavazi, akafumua bega la joho, akaacha nyuzi chache tu, kisha akakaa mstari wa mbele kusubiri lichanike, limwaibishe Prodige.

Lakini mchezo ukamteka. Samurai aliyeuliwa bwana wake alikwenda kufagia ua wa muuaji, akitukanwa, akiinama, akisubiri siku yake. Akamfukuza mkewe ili kisasi kisimponze, na mke akaondoka akimlaani. Prodige akapiga magoti bila neno. Rhoda alistaajabu mpaka mwili ukamsisimka: mtu awe mwaminifu kiasi hicho, na anayempenda asijue?

Wakati wa mapumziko akakimbilia nyuma ya jukwaa na sindano. Prodige alikuwa ameshika lile bega.

"Niliona wakati nilivaa," alisema. "Mukono yako naijua."

"Na bado ukavaa?"

"Ulishona wewe."

"Una mke, Prodige. Ulisema uko kwa bibi yako."

Prodige akamtazama, kisha akacheka taratibu. "Mama ya mama, kwetu ni koko. Ni yeye alikuwa mgonjwa. Nilisema bibi ili wewe uelewe, Rhoda. Nilipenda kusema Kitanzania kama wewe."

Aibu ilimshika Rhoda. Akashona, uzi mara mbili, machozi yakimtoka. Kengele ikalia.

"Sasa niseme ya kwetu," Prodige akanong'ona. "Utakubali kuwa bibi yangu?"

"Inua mkono kwanza."

Akauinua juu na upanga wake. Mshono ukashika.

"Nenda kalipe kisasi," Rhoda akasema. "Bibi yako anakungoja."